Uzazi wa mpango na mazingira: Machapisho ya utafiti yanasema nini kuhusu Arua na Koboko?

Anayetaka kujua iwapo uzazi wa mpango unasaidia kuhifadhi misitu ya kaskazini-magharibi mwa Uganda hukutana kwanza na mbu. Akiliandika jina la eneo hilo, West Nile, katika PubMed, hazina ya machapisho ya tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, hurudishiwa maelfu ya makala kuhusu virusi vyenye jina hilo hilo. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa, mkazi wa Omogo katika wilaya ya West Nile ya wakati huo. Vilipozuka New York mwaka 1999, wanasayansi wa Marekani na Ulaya waliviandikia kwa wingi mno, hata leo jina la ugonjwa limelifunika jina la mahali. Watu wa Arua na Koboko, pamoja na mashamba yao na vituo vyao vya afya, wamo chini ya rundo hilo.

Swali lenyewe si la wanazuoni peke yao. Uganda iliahidi mjini London mwaka 2012 kwamba ingepunguza mahitaji ya uzazi wa mpango yasiyotimizwa kutoka asilimia 40 hadi asilimia 10 ifikapo mwaka 2022. Wafadhili kadhaa wamependa miradi inayounganisha afya ya uzazi na uhifadhi, na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulipitisha katika kongamano lake la Marseille, Ufaransa, lililofanyika mwaka 2021, azimio la kutambua kwamba kuondoa vizuizi vya uzazi wa mpango wa hiari kuna manufaa kwa uhifadhi. Afisa wa wilaya anayeandika pendekezo la mradi hutakiwa kuonyesha ushahidi. Akiusoma vibaya, gharama yake hulipwa na mwanamke aliyekuja kituoni kutafuta sindano ya miezi mitatu, akajikuta anahesabiwa miti.

Mnyororo wenye pete kadhaa

Dai kwamba uzazi wa mpango unalinda mazingira husemwa kana kwamba ni dai moja. Likichunguzwa, ni mnyororo. Pete ya kwanza ni kwamba huduma zikipatikana, wanawake huzitumia na uzazi hupungua. Ya pili ni kwamba idadi ya watu ikiongezeka polepole, ardhi, kuni na maji hupumua. Iko na njia nyingine isiyopitia kwenye idadi: mwanamke anayeamua lini azae hupata muda na sauti zaidi katika shamba na kijiji, na inadhaniwa kwamba sauti hiyo huelekea kwenye utunzaji wa ardhi.

Kila pete ina watafiti wake, majarida yake na msamiati wake. Pete ya kwanza imeandikwa sana na watu wa afya ya jamii, na makala zao zinapatikana PubMed. Ya pili imegawanywa kati ya wanajiografia, wachumi na wanaikolojia, ambao mara nyingi huandika katika majarida yasiyoingia PubMed kabisa. Ya tatu imetawanyika katika masomo ya jinsia na maendeleo. Mtafutaji anayebisha hodi katika mlango mmoja hupata robo ya habari, naye huenda akaondoka akidhani ameiona nyumba nzima.

Msamiati nao hubadilika na nyakati. Katika miaka ya 1960 machapisho mengi yalizungumzia udhibiti wa idadi ya watu. Baada ya mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, ambapo nchi 179 zilikubaliana kuweka haki za mtu binafsi mbele ya malengo ya takwimu, istilahi iliyotamalaki ikawa afya ya uzazi. Jambo ni lile lile kwa kiasi fulani, lakini mashine haijui hivyo. Ndiyo maana wakutubi hushauri kuorodhesha majina yote ya jambo moja, kuyaunganisha kwa neno OR, kisha kulifunga kundi hilo na kundi la maneno ya mazingira kwa neno AND. Kiini cha neno kikiwekewa alama ya nyota mwishoni, mashine hukubali miisho yake yote.

Ama lile neno NOT, linaloamuru kitu kiondolewe, ni kisu kikali kuliko linavyoonekana. Mtafutaji wa habari za Arua anayechoshwa na mbu anaweza kuamuru kila makala yenye neno virusi itolewe. Papo hapo atakuwa ametoa pia makala zinazotaja virusi vya Ukimwi, na nchini Uganda sehemu kubwa ya utafiti wa uzazi wa mpango imefanyika kando ya kliniki za Ukimwi. Ni salama zaidi kuliacha jina la West Nile na kutumia majina ya wilaya pamoja na jina la Uganda. Jina la nchi haliepukiki, kwa kuwa Arua ni jina pia la watu wa asili wa Amazonia nchini Brazil, na hao nao wana wanaanthropolojia wao.

Mapitio makubwa ya mwaka 2016

Jaribio pana zaidi la kuukusanya ushahidi huu mahali pamoja lilifanywa na taasisi ya Worldwatch ya mjini Washington, chini ya uongozi wa Robert Engelman. Kundi lake, lililowahusisha watafiti kutoka nchi tajiri na nchi zinazoendelea, lilipitia zaidi ya makala 900 za kitaaluma zilizochapishwa tangu mwaka 2005 na kutoa ripoti mwaka 2016.

Matokeo yake hayakumfurahisha kikamilifu mtu yeyote. Wapitiaji hawakukuta uthibitisho wa kukata shauri kwamba uzazi wa mpango unaleta uendelevu wa mazingira, wala hawakukuta ushahidi wa kulikanusha dai hilo. Walichokuta ni makala nyingi zinazoiunga mkono pete moja moja, na chache mno zilizoufuata mnyororo mzima kutoka kituo cha afya hadi msituni. Ripoti ilisema kwamba ushahidi kwa jumla unaelekea upande wa dai, huku ikikiri uchache wa tafiti za moja kwa moja. Worldwatch yenyewe ilifunga shughuli zake mwaka uliofuata.

Matokeo ya namna hiyo ni rahisi kupotoshwa kwa pande zote mbili. Mtetezi hunukuu neno "unaelekea" na kuyaacha yaliyosalia. Mpinzani hunukuu uchache wa tafiti kana kwamba kutochunguzwa ni sawa na kutokuwepo. Kwa afisa wa Koboko maana yake ni nyembamba kuliko hayo: hakuna makala ya kimataifa atakayoinukuu kuthibitisha kwamba vipandikizi kadhaa vitaokoa hekta kadhaa, na akikutana na hesabu ya aina hiyo katika pendekezo la mtu, ana haki ya kuuliza imetoka wapi.

Wilaya zinazohama

Hata mtafutaji makini hukumbana na tatizo ambalo hifadhidata haiwezi kumtatulia. Arua ya makala ya mwaka 1995 si Arua ya leo. Koboko ilikuwa kaunti ndani ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Maracha ikafuata, kisha Madi-Okollo na Terego, na mwezi Julai 2020 mji wa Arua wenyewe ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2014 iliihesabia wilaya ya Arua watu wapatao 782,000. Atakayeitazama wilaya ya Arua katika sensa ya mwaka 2024 ataona namba ndogo zaidi, wala hakuna aliyehama; ni mipaka iliyohama. Kwa hiyo orodha ya maneno ya kutafutia haina budi kuwa na majina ya kaunti za zamani: Ayivu, Vurra, Terego, Maracha, Madi-Okollo na Koboko yenyewe.

Koboko ina nafuu kidogo, kwa sababu takwimu zake za sensa zinaweza kufuatiliwa ndani ya eneo lile lile. Mwaka 2002 sehemu hiyo ilikuwa na watu takriban 129,000. Mwaka 2014 walikuwa takriban 206,000. Ni ongezeko kubwa kwa miaka 12, katika wilaya ndogo iliyobanwa kwenye pembe ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Hata hivyo namba hizo peke yake hazisemi ni wangapi walizaliwa hapo na ni wangapi walivuka mpaka wakihamia, jambo lisilopaswa kusahauliwa katika mji wa mpakani.

Kuhusu uzazi wenyewe, chanzo kikuu ni Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu, unaofahamika kwa kifupi UDHS, unaofanywa na Idara ya Takwimu ya Uganda. Kitaifa umeonyesha wastani wa watoto kwa kila mwanamke ukishuka kutoka 6.7 mwaka 2006 hadi 5.4 mwaka 2016 na 5.2 mwaka 2022. Katika utafiti wa 2016, asilimia 39 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango, na asilimia 28 walikuwa na mahitaji yasiyotimizwa: hawakutaka mtoto kwa wakati ule, au hawakutaka tena, na hawakuwa wakitumia njia yoyote. West Nile ilikuwa miongoni mwa kanda zilizo chini zaidi kwa matumizi, pamoja na Karamoja.

Lakini UDHS ya 2016 iliwahoji wanawake 18,506 kwa nchi nzima, na kanda ya West Nile ilikusanya pamoja wilaya nane. Sampuli hiyo haitoshi kutoa kiwango cha kuaminika cha Arua peke yake, sembuse Koboko. Ripoti ya wilaya inayotaja asilimia ya Koboko "kwa mujibu wa UDHS" imeazima namba ya kanda nzima na kuivisha jina la wilaya.

Eneo lililoandikwa sana, kwa mambo mengine

Si kweli kwamba watafiti wameisahau pembe hii ya Uganda. Mwanaanthropolojia John Middleton aliishi miongoni mwa Walugbara na kuchapisha vitabu juu ya dini na maisha yao katika miaka ya 1960. Katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, daktari Ted Williams alitunza kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya watoto inayoitwa Burkitt, kazi iliyosaidia kufungua njia kwa uchunguzi wa miaka ya 1970 uliochukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ili kujua uhusiano wa saratani hiyo na kirusi. Tauni imechunguzwa Arua na Zombo, panya na viroboto vikihesabiwa nyumba kwa nyumba. Malale yameifanya Koboko ijulikane kwa wataalamu wa mbung'o duniani, hadi Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha mwaka 2022 kwamba aina ya ugonjwa huo inayopatikana huko si tishio tena kwa afya ya umma nchini Uganda.

Hazina hiyo ina somo lake. Utafiti ulifuata vimelea na wadudu, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa fedha na udadisi wa maabara za mbali. Mwanamke wa Omogo aliacha jina la nyumbani kwake katika kila kitabu cha tiba. Alizaa watoto wangapi, na alitembea umbali gani kutafuta kuni, si mambo yaliyowapeleka wanasayansi kwake.

Tangu mwaka 2016 fungu jipya limeingia. Vita vya Sudan Kusini vilisukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka mpaka. Makazi ya Bidibidi, wilaya ya Yumbe, yakawa miongoni mwa makubwa zaidi duniani, Imvepi yakafunguliwa upya mwaka 2017, na Rhino Camp yakapanuka. Koboko nayo ina makazi ya Lobule, ambayo wengi wa wakazi wake walitoka Kongo. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, pamoja na lile la wakimbizi, UNHCR, yalipima mahitaji ya kuni Bidibidi, na mwaka 2019 FAO na Benki ya Dunia zilitoa tathmini ya uharibifu wa maliasili katika maeneo ya kaskazini yaliyopokea wakimbizi. Hitimisho la tathmini hiyo lina uzito kwa mjadala huu: ujio wa wakimbizi ulizidisha uharibifu ambao ulikuwa umekwishaanza.

Nani anakata miti?

Hapo ndipo mtafutaji anapotakiwa kuacha kusoma habari za vituo vya afya na kusoma habari za moto. Zaidi ya kaya 9 kati ya 10 nchini Uganda hupika kwa kuni au mkaa. Serikali ilikadiria kwamba misitu ilipungua kutoka asilimia 24 ya ardhi ya nchi mwaka 1990 hadi asilimia 9 mwaka 2015. Ongezeko la watu limo ndani ya hesabu hiyo, na kulikana ni ukaidi: sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6 na ile ya 2024 milioni 45.9, na wote hao hula chakula kilichopikwa.

Ila West Nile ina visa vyake. Tumbaku ilikuwa kwa miongo mingi zao kuu la biashara la Arua, na majani yake hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni. Makadirio ya mwanajiografia Helmut Geist, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalisema kwamba kilimo cha tumbaku kiliteketeza takriban hekta 200,000 za misitu duniani kila mwaka. Mkaa unaochomwa kaskazini haupikii jiko la aliyeuchoma. Husafirishwa kwenda mijini. Miti ya shea, ambayo wanawake huokota mbegu zake na kukamua mafuta, haikuponea shoka la wachoma mkaa, na mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa agizo la kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivyo kitakachojitokeza kwa mtu aliyeandika tu maneno ya idadi ya watu na mazingira. Analazimika kuandika tumbaku, mkaa, shea na wakimbizi, kila kimoja peke yake, kisha asome kwa jicho la kutafuta sababu.

Jamii za eneo hilo zina kumbukumbu nyingine ambayo takwimu za ukuaji huificha. Baada ya Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, kuangushwa mwaka 1979, umati wa watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire na kukaa huko kwa miaka. Mstari mnyoofu wa ongezeko la watu ambao wachoraji wa grafu huupenda haukuwahi kupita hapa.

Machakos, kaboni na ugomvi wa wasomi

Kwa kukosa ushahidi wa karibu, waandishi wengi huazima ushahidi wa mbali, na ni vyema msomaji ajue ni upi. Mwaka 2010 Brian O'Neill na wenzake walikadiria kwamba kasi ndogo zaidi ya ukuaji wa idadi ya watu duniani ingeweza kuchangia asilimia 16 hadi 29 ya upunguzaji wa hewa ya ukaa unaohitajika kufikia mwaka 2050. Namba hiyo hunukuliwa sana. Isiyonukuliwa sana ni ya David Satterthwaite, aliyeonyesha mwaka 2009 kwamba kati ya 1980 na 2005 Afrika kusini mwa Sahara ilichangia asilimia 18.5 ya ongezeko la watu duniani lakini asilimia 2.4 tu ya ongezeko la hewa ya ukaa. Kwa Koboko, ambako kaya nyingi hazina umeme wa gridi wala gari, hoja ya tabianchi ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayofungua mifuko ya wafadhili kwa haraka.

Kisha iko Machakos, nchini Kenya. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 uchunguzi ulioonyesha kwamba watu wa wilaya hiyo waliongezeka takriban mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua na miti ikaongezeka, kwa kuwa wakulima walichimba matuta na kupanda. Wakosoaji walijibu kwamba Machakos iko karibu na Nairobi, na mishahara ya mjini ndiyo iliyolipia majembe. Jibu hilo ni zito kwa Arua, iliyo mamia ya kilomita kutoka Kampala. Hata hivyo kisa cha Machakos kinatosha kumzuia mtu mwaminifu kuandika kwamba watu wengi ni lazima wamaanishe ardhi mbovu.

Mifano iliyo karibu zaidi

Nchini Uganda kwenyewe, miradi iliyojaribu kuunganisha mambo haya mawili ilikuwa mbali na West Nile. Shirika la Conservation Through Public Health, lililoanzishwa mwaka 2003 na daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, lilianza na afya ya sokwe wa milimani na ya majirani zao Bwindi, kisha likaongeza uzazi wa mpango unaotolewa na wahudumu wa kujitolea vijijini. Kuanzia mwaka 2011 shirika la Pathfinder International liliongoza mradi katika bonde la Ziwa Victoria, Uganda na Kenya, uliochanganya huduma za uzazi na utunzaji wa mazalia ya samaki na upandaji miti.

Ripoti za miradi hiyo huonyesha kwa kawaida kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda. Upande wa mazingira ni mwembamba zaidi. Mapitio ya mwaka 2015 ya miradi ya aina hii katika nchi mbalimbali yalikuta kwamba matokeo ya afya yamepimwa vizuri kuliko ya mazingira, na kwamba ni nadra kuonyeshwa kuwa kuunganisha huduma kulizaa kitu ambacho huduma zilizotengana zisingekizaa. Samaki na miti huhitaji miaka mingi kupimwa, na mradi wa miaka mitatu hufungwa kabla mti haujatoa kivuli.

Yapo pia machapisho ambayo hayaelezi mafanikio na ambayo hayafai kurukwa. Nchini India, katika kipindi cha hali ya hatari cha 1975 hadi 1977, mamilioni ya watu walifungwa uzazi, wengi wao kwa shuruti, kwa jina la kupunguza idadi ya watu. Makubaliano ya Cairo yalizaliwa kwa sehemu kutokana na historia hiyo. Mwanamke wa Arua anayetaka kupanga uzazi ana sababu zake zinazojitosheleza, ikiwamo kubaki hai: UDHS ya 2016 ilikadiria vifo 336 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ile ya 2022 ilikadiria 189. Hahitaji kibali cha msitu, na mpango unaomhesabia mafanikio kwa hekta unapaswa kueleza utafanya nini iwapo ataamua kuzaa.

Milango inayofunguka na kufungwa

Njia za kuyafikia machapisho haya zina siasa zake. Kwa miongo kadhaa hifadhidata kubwa ya uzazi wa mpango ilikuwa POPLINE, iliyotunzwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID. Mwaka 2008 wakutubi waligundua kwamba neno la Kiingereza la utoaji mimba halikuwa likileta matokeo yoyote. Lilikuwa limezimwa na waendeshaji baada ya USAID kuhoji baadhi ya machapisho yaliyomo. Mkuu wa kitivo, Michael Klag, aliamuru lirejeshwe mara habari zilipoenea. Makala zilikuwa zimo muda wote huo. Mlango ndio uliokuwa umefungwa bila tangazo. Mwaka 2019 POPLINE yenyewe ilifungwa.

Majarida mengi ya kimataifa hutoza ada ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni, kilichoko Arua, hawezi kuilipa. Njia halali ya kuikwepa ipo: mpango wa Research4Life, uliokua kutokana na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, AGORA ya FAO mwaka 2003 na OARE ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2006, huzipa taasisi zilizosajiliwa katika nchi kama Uganda fursa ya kusoma bila malipo. Sehemu ya afya na sehemu ya mazingira zilianza zikiwa na milango tofauti, na kwa swali hili zote mbili ni lazima. Majarida ya Kiafrika hutafutwa katika AJOL, yenye makao Afrika Kusini. Tasnifu zimo katika hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ripoti za afisa mazingira wa wilaya, ambazo ndizo zenye majina ya vilima na vijito, mara nyingi hupatikana kwa kwenda ofisini na kuziomba.

Kuna njia moja ya kuziunganisha pete ambayo haihitaji kusubiri mradi mpya. Makundi ya kaya yaliyohojiwa na UDHS yana alama za mahali kwa setilaiti, na tangu mwaka 2013 ramani za upotevu wa miti zilizotengenezwa na Matthew Hansen na wenzake, zenye vipande vya mita 30 na zinazoanzia mwaka 2000, zinapatikana bure. Mtafiti anaweza kuziweka pamoja. Alama za UDHS zimesogezwa kwa makusudi ili kulinda siri za waliohojiwa, kwa kawaida hadi kilomita mbili mjini na tano vijijini, na katika wilaya ndogo kama Koboko kilomita tano zinaweza kukipeleka kijiji upande wa pili wa kilima. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa eneo pana, si kwa kijiji. Takwimu hizo zilikuwa zikitolewa bure kwa aliyejisajili na kueleza lengo lake, kupitia mpango wa DHS uliofadhiliwa na USAID. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada hiyo mapema mwaka 2025, mpango ulisitishwa na maombi mapya yakakwama. Baadaye mwaka huo fedha za muda kutoka Wakfu wa Gates zilipatikana ili kuuendeleza.